DNA ya mama haimwoni fahali: Hatari iliyojificha katika nyati wa India

SERIKALI ya India ilipohesabu mifugo ya nchi nzima mwaka 2019, nyati wa kufugwa walipatikana kuwa milioni 109.85. Idadi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa kiasi cha asilimia moja ikilinganishwa na hesabu ya mwaka 2012. Hakuna nchi nyingine duniani inayoikaribia India kwa wingi wa wanyama hao; zaidi ya nusu ya nyati wote wa kufugwa wamo humo.

Kwa mtazamo wa haraka, mnyama aliye na idadi kama hiyo hawezi kusemwa yumo hatarini. Isitoshe, wanasayansi waliochunguza chembechembe za urithi za nyati hao wameeleza mara kadhaa kwamba nasaba zao za kike zingali nyingi na zenye tofauti kubwa. Anayeyaweka mambo hayo mawili pamoja, yaani wingi wa wanyama na wingi wa nasaba, atasema hapana haja ya kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi upo, na unastahili kuelezwa kwa makini. Hesabu ile ya jumla inawaweka nyati wote katika kapu moja bila kujali mbari zao. Nayo DNA inayorithiwa kwa mama, ambayo ndiyo iliyotumika katika tafiti nyingi za asili ya nyati, haina uwezo wa kumwona fahali. Katika India ya leo, mabadiliko makubwa yanayozikumba mbari za asili yanapitia kwa fahali.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane kuhusu majina. Mkenya akisikia neno nyati, au mbogo, humfikiria yule mnyama mkali wa Mara na Tsavo ambaye hata simba humwendea kwa hadhari. Huyo si ndugu wa karibu wa nyati wa India. Nyati wa nyika zetu ana kromosomu 52, hajawahi kufugwa na binadamu, na hazaani na mwenzake wa Asia. Tunayemzungumzia hapa ni nyati wa maji, aitwaye hivyo kwa sababu hupenda kujitosa mtoni na kugaagaa matopeni ili kuupoza mwili wake mweusi. Huyo hukamwa, hulima na huvuta mikokoteni, na watoto wadogo humpanda mgongoni wakimpeleka malishoni.

Lipo pia tatizo la pili la lugha. Sisi tunaohariri habari za Kiswahili tumezoea kuandika “aina” kwa kila kitu: aina ya gari, aina ya sabuni, aina ya ng'ombe. Katika makala haya nitatumia neno mbari kwa maana ya kundi la mifugo lenye asili moja, sura inayofanana na wafugaji wake maalumu. Neno hilo limebeba ukoo ndani yake, na ukoo ndio tunaouzungumzia.

Nyati wa kufugwa wamegawanyika katika matawi mawili makuu. Tawi la kwanza ni nyati wa mtoni, ambao wameenea kutoka India na Pakistan hadi Iran, Misri, Italia na nchi za Balkani. Hao wana kromosomu 50 na ndio wanaosifika kwa maziwa. Tawi la pili ni nyati wa kinamasi, wanaopatikana China, Thailand, Vietnam, Ufilipino na Indonesia, pamoja na sehemu za kaskazini-mashariki mwa India kama vile Assam. Hao wana kromosomu 48, na kwa karne nyingi kazi yao kubwa imekuwa kuvuta jembe katika mashamba ya mpunga. Matawi hayo yakipandishwa pamoja huzaa ndama mwenye kromosomu 49, ambaye huishi na hata huweza kuzaa.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo matawi hayo yalitokana na tukio moja la ufugaji au mawili. Jawabu lilipatikana kwa kuichunguza DNA ya mitokondria. Mitokondria ni vijisehemu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu za mwili. Vina DNA yake vyenyewe, fupi mno, yenye herufi zinazozidi kidogo 16,000, ilhali DNA iliyo katika kiini cha seli ina herufi bilioni mbili na zaidi. Ndama huipata DNA hiyo fupi kutoka kwa mama yake tu. Baba hachangii kitu. Kwa hiyo humwongoza mtafiti kutoka kwa ndama hadi kwa mama, nyanya, mama wa nyanya, na kuendelea nyuma kwa maelfu ya miaka, kama ambavyo mtu angefuata ukoo ambao jina lake hupitia kwa wanawake peke yao.

Uchunguzi huo ulibainisha kwamba mama za nyati wa mtoni na mama za nyati wa kinamasi walitengana zamani za kale. Makadirio yanatofautiana sana, lakini hata yale ya chini yanazidi miaka 100,000, yaani kabla binadamu hajamfuga mnyama yeyote. Maana yake ni kwamba makundi mawili ya nyati wa porini, yaliyokuwa tayari yametengana, yalifugwa na watu tofauti katika sehemu tofauti. Mwaka 2007, watafiti wa Hyderabad waliochunguza mbari nane za India walitoa hoja kwamba nyati wa mtoni alifugwa magharibi mwa Bara Hindi takriban miaka 6,000 iliyopita. Kwa upande wa nyati wa kinamasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba alianza kufugwa katika eneo la mpaka wa China na nchi za Indochina.

Mambo ya kale yanaafikiana na hayo kwa kiasi kikubwa. Mihuri iliyofukuliwa Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la mto Indus, ina picha za nyati. Katika makavazi ya Louvre jijini Paris umehifadhiwa muhuri wa karani wa Kiakadi aitwaye Ibni-Sharrum, uliochongwa karibu miaka 2,200 kabla ya Kristo, ambao unaonyesha nyati wawili wakinyweshwa maji. Nyati hao hawakuwa wenyeji wa Mesopotamia, hivyo wasomi huuhesabu muhuri huo kama ushahidi wa biashara na watu wa Indus. Kwa upande wa China, mifupa ya nyati iliyopatikana kaskazini mwa nchi hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya mababu wa nyati wa leo, ilipopimwa DNA mwaka 2008 iligunduliwa kuwa ya spishi nyingine iliyokwisha kutoweka.

Jambo moja katika utafiti ule wa mbari nane halikutiliwa maanani ipasavyo nje ya duru za wataalamu. Nasaba za kike hazikufuata mipaka ya mbari. Nasaba ile ile ilionekana kwa nyati wa Haryana kaskazini na kwa nyati wa Maharashtra, mamia ya kilomita kutoka hapo. Hili si ajabu. Majike waliuzwa, walitolewa mahari, waliibwa na kuhamishwa na watu waliokuwa wakitafuta malisho. Kilichoitenganisha mbari moja na nyingine hakikuwa ukoo wa mama. Kilikuwa ni mahali walipoishi, magonjwa waliyoyazoea, chakula walichokipata, na uteuzi wa wafugaji waliosema fahali huyu tutambakisha na yule tutamwuza.

Hapo yafaa tuzitazame baadhi ya mbari zenyewe.

Bhadawari ni nyati wa rangi ya shaba anayefugwa katika wilaya za Agra na Etawah za jimbo la Uttar Pradesh, na ng'ambo ya pili katika jimbo la Madhya Pradesh. Nchi hiyo imechimbika kwa makorongo ya mito Yamuna na Chambal, na malisho yake ni ya kukwaruza. Bhadawari ni mdogo wa umbo, anakula kidogo na anastahimili joto. Sifa yake kuu ni mafuta ya maziwa. Kwa kawaida mafuta hayo hufikia asilimia 8, na kwa baadhi ya majike yamewahi kupimwa yakafika 13. Kwa ulinganisho, maziwa ya Friesian tunayokunywa kwa chai hapa Kenya huwa na asilimia 3 na kitu.

Toda ni mbari ya milima ya Nilgiri katika jimbo la Tamil Nadu, na jina lake ndilo jina la watu wanaoifuga. Kwa jamii ya Watoda, nyati si mali tu. Wapo nyati wa kawaida na wapo nyati watakatifu, ambao hukamiwa katika nyumba maalumu za maziwa zilizo sawa na mahekalu, na anayewakamua huwa ametawazwa kwa kazi hiyo. Malisho yao ya milimani yamepungua kutokana na upanzi wa chai na miti ya kigeni. Nyati wa mbari hiyo waliosalia wanahesabika kwa maelfu machache tu.

Kisha kuna Banni wa wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, karibu na mpaka wa Pakistan. Wafugaji wake, Wamaldhari, huwaachilia nyati waende kulisha usiku wakati jua kali limetua, nao hurudi wenyewe alfajiri kukamwa. Mbari hiyo ilikuwako miaka nenda miaka rudi, lakini kwa mujibu wa sajili rasmi haikuwako kabisa hadi mwaka 2010, ilipotambuliwa kuwa mbari ya 11 ya nyati nchini humo. Tangu hapo sajili imeongezeka na sasa inakaribia mbari 20 au zaidi. Aghalabu wanaofurahia kuongezeka huko husahau kwamba mbari hizo hazikuzaliwa juzi; ni karatasi zilizochelewa kuwafikia wenye nyati.

Halafu kuna Murrah. Huyu ni nyati mweusi tititi mwenye pembe zilizojikunja kama konokono, asili yake ikiwa Rohtak, Hisar na Jind katika jimbo la Haryana. Ndiye bingwa wa maziwa. Ametumika kuboresha nyati wa Brazil, Bulgaria, Ufilipino na nchi nyingine nyingi. China ilimnunua kutoka India mwaka 1957. Nchini India kwenyewe, sera ya serikali kwa miongo kadhaa imekuwa kuwapandisha nyati wasiokuwa na mbari maalumu kwa mbegu za Murrah ili maziwa yaongezeke. Taarifa ya mbari iliyotokana na hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Murrah, pamoja na machotara waliokwisha kumkaribia, walikuwa takriban nyati 43 katika kila 100.

Sera hiyo haikubuniwa na wajinga. India ndiyo nchi inayozalisha maziwa mengi zaidi duniani, na karibu nusu ya maziwa hayo hutoka kwa nyati. Mamilioni ya familia zenye nyati mmoja au wawili hupata karo, dawa na unga kutokana na maziwa hayo. Anayemwambia mwanamke wa kijijini asimpandishe nyati wake kwa mbegu ya Murrah, eti kwa sababu ya kuhifadhi urithi wa dunia, sharti kwanza amwambie ni nani atakayemlipa kwa lita atakazozikosa.

Shida ni kwamba mbegu haziishii kwa nyati wasio na mbari. Mhudumu wa uhimilishaji, yaani upandishaji kwa mbegu zilizogandishwa, hufika kijijini na mtungi mmoja wa naitrojeni. Kilichomo ndani ya mtungi huo ndicho kinachopandishwa. Mara nyingi kilichomo ni Murrah.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue jike halisi wa Bhadawari, apandishwe na Murrah. Ndama wake atakuwa nusu Murrah. Ndama huyo, akiwa jike, akipandishwa tena na Murrah atazaa mwenye asilimia 75. Kizazi cha tatu kitakuwa na asilimia 87.5, cha nne 93.75, na cha tano karibu 97. Ikiwa kizazi kimoja huchukua miaka minne au mitano, basi ndani ya miaka 25 hivi, muda ambao mtoto huzaliwa, husoma na kuoa, mbari nzima katika zizi hilo itakuwa imefutika. Kilichosalia cha Bhadawari ni sehemu tatu katika mia.

Sasa mchukue nyati huyo wa kizazi cha tano umpime DNA ya mitokondria. Matokeo yatasema kwamba ukoo wake wa mama ni ule ule wa makorongo ya Chambal, mzima, bila doa. Hakuna herufi hata moja itakayomtaja fahali wa Haryana. Mtafiti akipima wanyama 200 wa namna hiyo ataandika, kwa ukweli kabisa, kwamba nasaba za kike ni nyingi na zimehifadhika. Naye waziri atakayeisoma ripoti hiyo atalala usingizi mnono.

Hii si kusema kwamba tafiti za DNA ya mama hazina faida. Bila hizo tusingejua kwamba nyati wa mtoni na wa kinamasi walifugwa mbali mbali. Lakini hizo hujibu swali la walikotoka, na wenye kupanga sera huzisoma kana kwamba zimejibu swali la hali yao ya sasa.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mwingine kuhusu mbari zile zile nane, safari hii ukitumia alama za DNA ya kiini cha seli, ambayo hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Hapo picha ilibadilika. Toda na Jaffarabadi, yule nyati mzito wa eneo la msitu wa Gir, walijitenga kama makundi ya pekee. Murrah, Mehsana, Surti, Bhadawari na Nagpuri walionekana kuingiliana sana. Kuhusu Mehsana hapakuwa na la kushangaza kwani mbari hiyo inajulikana kutokana na kupandishwa kwa Surti na Murrah. Kuhusu Bhadawari, ambaye kwa macho hafanani na Murrah hata kidogo, ilikuwa ni taarifa ya kuzingatiwa.

Nje ya India hali ni ile ile. Ufilipino ilianzisha kituo cha taifa cha nyati kwa sheria ya mwaka 1992, na nyati wake wa kinamasi wamekuwa wakipandishwa na wa mtoni ili watoe maziwa. Thailand ilikuwa na nyati wapatao milioni 6 katika miaka ya 1980; trekta ndogo za mkono ziliingia mashambani, na kufikia miaka ya 2000 walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni 2. Huko aliyeondoa nyati alikuwa injini. Tofauti ni kwamba idadi ikishuka namna hiyo kila mtu huona, ilhali mbari ikimezwa na mbari nyingine mazizi hubaki yamejaa.

Mkenya anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ng'ombe wake ni ushahidi ulio hai wa jambo hili hili. Ng'ombe wengi wa asili katika Afrika Mashariki wana nundu. Nundu ni alama ya zebu, ng'ombe wa asili ya Asia ya Kusini. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 watafiti wa Dublin walipochunguza DNA ya mitokondria ya ng'ombe wa Afrika wenye nundu, walikuta kwamba ukoo wao wa mama ni wa ng'ombe wasio na nundu, waliokuwa barani humu kabla ya zebu kufika. Mwaka 2002, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ya ILRI, ambayo makao yake makuu yako Nairobi, walichapisha ramani ya urithi wa ng'ombe wa bara zima, nayo ilionyesha jinsi damu ya Asia ilivyosambaa kutoka pwani ya mashariki na Pembe ya Afrika. Utafiti wa mwaka 2020 uliosoma DNA nzima ulikadiria kwamba mchanganyiko huo ulishika kasi takriban miaka 1,000 iliyopita.

Kwa maneno mengine, fahali wa zebu waliwabadilisha ng'ombe wa Afrika sura, umbo na uwezo wa kustahimili ukame, na DNA ya mama haikuandika chochote. Laiti tungeitegemea hiyo pekee, tungesema zebu hakuwahi kufika hapa, ilhali nundu zinaonekana kutoka barabarani.

Mabadiliko yale ya zamani yalichukua karne nyingi, na wafugaji waliyachuja polepole: ng'ombe aliyeshindwa na kupe au kiangazi hakubaki. Ya sasa yanakwenda kwa mwendo wa mtungi wa naitrojeni. Kenya inaufahamu mwendo huo. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, na kimewafikishia wakulima wa maziwa mbegu za fahali ambao wasingeweza kuwanunua. Faida yake haina ubishi. Lakini muulize mfugaji wa Kajiado kuhusu kondoo mwekundu wa Kimaasai. Kondoo huyo anasifika kwa kustahimili minyoo. Kuanzia miaka ya 1970 aliletwa Dorper, mkubwa wa mwili na mwenye bei nzuri sokoni, na madume wake wakasambazwa kwa wingi. Mvua zilipokuwa nzuri machotara walinawiri. Ulipokuja ukame na minyoo, wengi walitambua walichokuwa nacho baada ya kukikosa, na kufikia hapo kondoo halisi wa Kimaasai walikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Tumewahi pia kunufaika na mbari za Asia zilizotunzwa na wengine. Ng'ombe wa Sahiwal waliletwa Kenya kutoka Bara Hindi kuanzia mwaka 1939, na kundi la Naivasha limewapa wafugaji wa maeneo makavu mnyama anayetoa maziwa bila kuhitaji nyasi za Nyandarua. Mbari hiyo ingekuwa imemezwa na nyingine huko Punjab kabla ya mwaka huo, hapangekuwa na cha kuleta.

Turudi India. Nchi hiyo haijakaa mikono mitupu. Taasisi yake ya rasilimali za urithi wa mifugo iliundwa mwaka 1984 na ina makao Karnal, Haryana. Ndiyo inayosajili mbari, na ina benki inayohifadhi mbegu za fahali wa mbari mbalimbali katika baridi kali. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini hapa tena mambo ya baba na mama yanaleta kizungumkuti. Mbegu ya fahali hairithishi mitokondria. Ikiwa majike wa Toda watatoweka wote na mbegu za fahali wao zikabaki Karnal, wataalamu wanaweza kuzitumia kuwapandisha majike wa mbari nyingine kizazi baada ya kizazi hadi wapate mnyama aliye Toda kwa asilimia 97, ila ukoo wake wa mama utakuwa wa kwingine milele.

Hata teknolojia ya hali ya juu haiukwepi ukweli huo. Mwaka 2009, taasisi ya utafiti wa maziwa ya mji huo huo wa Karnal ilitangaza kuzaliwa kwa ndama wa nyati waliotengenezwa kwa njia ya kunakili, miongoni mwao akiwa Garima. Katika njia hiyo kiini cha seli ya mnyama anayenakiliwa hutiwa ndani ya yai la jike mwingine lililoondolewa kiini chake. Mayai hayo yalitokana na ovari zilizokusanywa machinjioni. Kwa hiyo mitokondria ya nakala hizo, yaani ule ukoo wa mama tulioufuata kurudi nyuma miaka 6,000, ilitoka kwa jike asiyejulikana jina wala kijiji.

Njia inayobaki ni kumfanya mfugaji awe na sababu ya kumweka jike na fahali wa mbari yake pale pale alipo. Sababu hiyo ni malipo. Kwa wastani uliorekodiwa, Murrah hutoa kama kilo 1,750 za maziwa kwa uzao mmoja, na Bhadawari kama 1,300. Ukilipa kwa uzito wa maziwa, Bhadawari ameachwa nyuma kwa robo nzima. Ukilipa kwa mafuta, mambo yanakuwa tofauti: asilimia 7 ya 1,750 ni kilo 122 na nusu, na asilimia 8 ya 1,300 ni kilo 104. Pengo limepungua hadi asilimia 15. Tena Bhadawari ni mdogo na hula kidogo, na kwa mtu asiye na shamba la majani tofauti hiyo ni pesa. Vyama vya ushirika vya Gujarat vilivyojulikana kwa jina la Amul vilikwisha kuonyesha tangu zamani kwamba maziwa yanaweza kupimwa mafuta kijijini na mwenye nyati akalipwa kwa kipimo hicho. Palipo na mchuuzi anayenunua kwa kibaba na kuongeza maji njiani, hesabu hiyo haina maana.

Sharti la pili ni fahali. Mfugaji wa Etawah anayetaka mbegu ya Bhadawari lazima aipate katika mtungi ule ule unaomletea Murrah, kwa bei ile ile na siku ile ile nyati wake anapohitaji kupandishwa. Nyati hangoji barua ya wizara. Kwa maoni yangu, fedha zinazotumika kupima upya mitokondria za mbari ambazo asili yake inajulikana zingefanya kazi bora zaidi katika kuwatunza fahali 20 au 30 wa kila mbari ndogo na kusambaza mbegu zao katika maeneo ya mbari hizo hizo.

Mwezi Oktoba 2024 India ilizindua hesabu yake ya 21 ya mifugo. Kwa mara ya kwanza wafugaji wa kuhamahama waliwekwa katika hesabu hiyo kama kundi linalojitegemea, na mbari za wanyama zilikuwa miongoni mwa mambo ya kuandikwa. Huo ni mwelekeo mwema, kwa kuwa idadi ya jumla imekwisha kuwadanganya wengi. Lakini mbari hutambuliwa kwa kumtazama mnyama: rangi yake, pembe zake, umbo lake. Nyati aliyezaliwa katika makorongo ya Chambal na mama wa rangi ya shaba kwa mbegu nyeusi ya Haryana ataandikwa upande gani, itategemea jicho la karani aliyefika zizini siku hiyo.